Mfarishi wa Viraka kwa Asiyetofautisha Rangi: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Mfarishi wa kwanza niliomshonea mjomba wangu wa Newala ulikuwa na nyota 12 nyekundu juu ya kitambaa cheusi. Nilikaa nao kwenye cherehani wiki tatu. Mjomba aliutandaza kitandani, akaupapasa huku na huku, akanishukuru kwa moyo, halafu akauliza: "Mwanangu, mbona weusi mtupu? Hukupata vipande vya rangi?" Nikadhani chumba kina giza, nikafungua mlango na dirisha. Bado hakuziona. Nyota zilikuwa mbele yake, nyekundu kama bibo lililoiva, naye anaona kitambaa kimoja cheusi.

Mjomba alizaliwa na macho hayo na yamemtosha maisha yake yote. Aliyekosea ni mimi. Nilichagua rangi kwa macho yangu, wakati mfarishi utaangaliwa kwa macho yake.

Tangu siku ile nimemshonea mwingine, nimemshonea mwanangu wa kiume ambaye naye yuko hivyo hivyo, na nimewashonea wateja kadhaa hapa Mtwara mjini. Ninayoyaandika hapa ni kwa fundi, mzazi au ndugu ambaye ameshashona, ameshakabidhi, na sasa anaambiwa neno asilolielewa. Tafuta kauli inayofanana na uliyoambiwa, uanzie hapo.

Mfarishi ninaousema ni ule wa viraka: juu vipande vya khanga, kitenge na nguo za mitumba vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu, chini bitana ya shuka. Huku pwani wengi wanautandika tu kama pambo la kitanda. Kule juu Newala, Juni na Julai upepo wa usiku unapoingia chini ya mlango, watu wanaulalia kweli.

Kabla ya kufumua chochote

Usimshikie kipande ukamuuliza, "Hii rangi gani?" Mtu aliyezaliwa hivi amejifunza majina ya rangi kwa vitu. Anajua jani ni la kijani na damu ni nyekundu, kwa hiyo anaweza kukujibu sawasawa bila kuona unachokiona wewe. Isitoshe, akiwa mtoto huenda alichekwa darasani, na swali hilo linamrudisha kule.

Mpe rundo la vipande 20 au 30, umwambie avipange mafungu: vinavyofanana vikae pamoja. Fanya hivyo asubuhi barazani, kwenye mwanga mzuri lakini si jua kali. Nyamaza kabisa. Usimsahihishe, usigune.

Mwanangu alipanga mafungu matatu. La kwanza lilikuwa na kijani cha majani, kahawia, rangi ya chungwa na nyekundu. La pili lilikuwa bluu na zambarau. La tatu lilinishangaza: kijivu, waridi, na ile rangi ya maji ya bahari ya kina kifupi, ambayo si bluu wala kijani.

Mafungu hayo yana maelezo. Ndani ya jicho mna chembe za aina 3 zinazopokea rangi, na katika upofu wa rangi ulio wa kawaida, zile za nyekundu au zile za kijani zimepungukiwa au hazipo. Anayeishi hivyo haoni dunia ya nyeusi na nyeupe, kama wengi wanavyodhani. Anaona koo mbili za rangi: ukoo wa manjano na ukoo wa bluu. Nyekundu, chungwa, kijani na kahawia zote ni watoto wa ukoo wa manjano, tofauti yao ikiwa kukoza na kupauka tu. Zambarau ni bluu iliyotiwa wekundu, na wekundu huo haumfikii, kwa hiyo inabaki bluu. Waridi na rangi ya bahari huangukia katikati ya koo hizo mbili, zikawa kijivu.

Kama mafungu yake yanachanganya bluu na kijani, au manjano na waridi, ana aina nyingine iliyo adimu sana, na ushauri mwingi wa hapa chini haumfai. Kinachomfaa ni habari ya kukoza na kupauka, maana hiyo inawafaa wote.

"Mbona ni rangi moja tu?"

Hii ndiyo kauli utakayoisikia mara nyingi kuliko zote. Chanzo ni rangi za ukoo mmoja zilizokoza sawasawa, zikiwa zimewekwa jirani.

Mwanangu alitaka mfarishi wa mpira. Baba yake ni Simba, yeye ni Yanga, nikaona nimalize ugomvi kwa kushona nusu nyekundu na nusu kijani. Vitambaa vyote viwili vilikuwa vimekoza vizuri na nikajivunia mno. Mtoto akautazama akasema, "Mama, hii yote ni ya nani?" Na hapo nikaelewa kwa nini siku ya mechi ya Simba na Yanga alikuwa akiuliza kila dakika mpira uko kwa nani, nami nikimgombeza kwamba hafuatilii.

Cha kuchunguza ni ukolevu, yaani rangi imekoza kiasi gani. Njia ya bibi zetu ni kufinya macho mpaka kope zikaribie kugusana: vipande vikiyeyuka pamoja, vimekoza sawa. Njia ya simu ni bora zaidi. Tandaza vipande sakafuni kabla hujavishona, vipige picha, kisha kwenye sehemu ya kuhariri uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona mchoro wako bado, umepona. Ukiona kijivu kitupu, na vipande ni vya ukoo mmoja, yeye ataona rangi moja tupu, au karibu na hivyo.

Kama hujashona, badilisha kipande kimoja kati ya kila viwili vinavyogusana. Kijani kilichokoza kando ya manjano iliyopauka kitaonekana vizuri sana ingawa ni ukoo mmoja. Jezi ya Yanga yenyewe inamfaa mtu huyu, na ya Simba pia, nyekundu na nyeupe. Kinachomshinda ni kuzikutanisha nyekundu na kijani bila kitu katikati. Au chukua kimoja kutoka ukoo wa bluu na kingine kutoka ukoo wa manjano. Iangalie bendera ya Taifa: kijani na bluu hazigusani, katikati unapita mkanda mweusi wenye kingo za manjano. Hata mjomba anaisoma bila shida.

Kama umeshashona, usikimbilie kufumua. Kata kanda nyeupe za upana wa vidole viwili, uzipige juu ya mishono inayotenganisha rangi zinazofanana. Kwa mfarishi wa mpira nilipitisha ukanda mmoja mweupe katikati na kazi ikaisha jioni moja. Kitambaa kikiwa haba, uzi mnene mweupe uliodarizwa kuzunguka kila umbo unatosha. Mimi napenda kanda kuliko uzi, kwa sababu uzi huo unaonekana ukiwa karibu tu; ukisimama mlangoni umepotea.

"Nyekundu iko wapi? Mimi naona nyeusi"

Hii ni hali ya mjomba, na inafanana na iliyotangulia lakini dawa yake ni nyingine. Kwa waliopungukiwa na chembe za nyekundu, rangi hiyo haiwi ya manjano tu, inakuwa na giza pia. Nyekundu iliyokoza inaingia kwenye weusi moja kwa moja, na damu ya mzee ndiyo inazama kabisa.

Hapa picha ya simu itakudanganya. Simu inaigeuza nyekundu kuwa kijivu cha wastani, wewe unaridhika, kumbe yeye anaiona nyeusi. Nimepotea hapo mara mbili. Kwa mtu wa aina hii, ihesabu nyekundu kuwa nyeusi tangu mwanzo: usiiweke karibu na nyeusi, kaniki, kahawia iliyokoza wala bluu nzito. Iweke kando ya nyeupe, rangi ya maziwa, manjano au samawati.

Ukitumia khanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe tunayoijua kwenye harusi za pwani, kata vipande ambavyo vina weupe mwingi, maana mapambo meusi juu ya nyekundu hatayaona. Na kama unataka jina la khanga libaki likisomeka katikati ya mfarishi, jambo ambalo wateja wengi wananiomba, angalia limeandikwa kwa rangi gani juu ya rangi gani. Herufi nyeusi juu ya nyekundu hazitasomeka. Mama mmoja aliniletea khanga ya marehemu mama yake nimshonee kaka yake, na jina ndilo lilikuwa zawadi yenyewe. Tulilizungushia herufi zote kwa uzi mweupe kwa mkono. Ilichukua siku mbili na sijutii hata saa moja ya siku hizo.

Jinsi ya kumtambua: mwonyeshe nyuzi mbili, nyekundu iliyokoza na nyeusi, juu ya meza nyeupe. Anayezichanganya ndiye.

"Hili ua la kijivu lina nini?"

Ua ni waridi. Au ni la rangi ya bahari. Liache kama linapendeza kwa ukolevu wake, lakini usiliweke juu ya kijivu, na usitegemee watu waone maana yoyote ndani yake. Waridi iliyokaribia zambarau nayo huweza kuonekana ya bluu hafifu. Zambarau na bluu zikiwa pamoja, moja iwe nzito na nyingine nyepesi sana.

"Naona mchoro, ila si huo unaousema"

Kauli hii ilinitesa kuliko zote, kwa sababu mwenyewe haoni tatizo. Anaona mchoro, anaufuata kwa kidole, na ni mchoro ambao hukuushona.

Chanzo ni kitenge. Vitambaa vyetu havina rangi moja. Kila kimoja kina maua, duara, samaki, mistari. Jicho lako linashika rangi kuu na kusamehe mengine: "hiki ni kitenge chekundu, hiki ni cha kijani." Jicho lake halina rangi kuu ya kushika, kwa hiyo linafuata kilichopauka juu ya kilichokoza. Ukikata vipande vidogo kutoka kitenge chenye maua makubwa ya njano, kila kipande kinatoka na ua, nusu ua, au hakina ua. Yeye anaona maua yanayorukaruka. Zile pembetatu zako hazipo.

Rekebisha kwa kupunguza makelele. Kati ya vitambaa viwili vinavyokutana, kimoja kiwe na mapambo na kingine kiwe kitupu: shuka, kaniki, shati la mitumba. Mapambo makubwa yakatwe vipande vikubwa. Na tumia mikono yake: kitambaa cha suruali ya kodrai chenye mistari, kitenge kigumu na khanga laini vinatofautiana hata gizani. Mjomba anaujua upande wa kichwani wa mfarishi wake kwa kodrai.

"Mchana nauona, usiku unapotea"

Uliza taa ya chumbani. Mwanga ukipungua, kila mtu anapoteza rangi, na nyekundu ndiyo inatangulia kuwa nyeusi huku bluu ikibaki kung'aa kidogo. Asiyetofautisha rangi anaanza na kidogo, kwa hiyo anaishiwa mapema. Balbu ya mwanga wa manjano na koroboi huongeza lingine: manjano na nyeupe zinafanana, na bluu inakuwa nyeusi.

Kabla ya kushona, tandaza vipande kwenye chumba chenyewe, usiku, kwa taa yenyewe. Kama huwezi kwenda, mwombe akupigie picha ya chumba. Mfarishi wa chumba chenye mwanga hafifu unataka nyeupe na rangi ya maziwa kwa wingi kuliko unavyodhani ni heshima.

"Unaniumiza macho"

Huu ni ugonjwa wa fundi aliyekwisha kusoma yote ya juu. Anaogopa, anashona nyeusi na nyeupe kila mahali, na mfarishi unakuwa kama ubao wa drafti unaotetemeka. Weka ngazi tatu: kilichokoza, cha wastani, kilichopauka. Cha wastani kiwe kingi, na vile vikali viwili vikutane pale tu unapotaka jicho litue.

"Ulikuwa mzuri, tangu ufuliwe umekufa"

Khanga mpya nyekundu imechuja, nyeupe zimekuwa waridi. Kwako ni doa. Kwake ni kwamba uzio uliotenganisha vipande umevunjwa. Fua kila kitambaa peke yake kabla ya kukata, tena na tena mpaka maji yatoke meupe. Kitambaa kisichoacha kuchuja baada ya kufuliwa mara nne, mimi sikiingizi kwenye mfarishi wenye nyeupe, hata kiwe kizuri vipi. Kauli hii pia huja polepole, baada ya mwaka wa kuanikwa juani: kilichokoza kimepauka, kimefikia cha jirani yake. Anika kwa ndani nje.

"Na kaka yangu anasema hivyo hivyo"

Hapa hakuna cha kufumua, lakini kuna wateja wengine. Upofu huu wa rangi unarithiwa kupitia kwa mama. Mama mwenyewe kwa kawaida anaona vizuri, ila anaubeba, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupata. Baba asiyetofautisha rangi hawapi wanawe wa kiume. Binti zake wote wanaubeba na wanaweza kuwapa wajukuu. Ndiyo maana wanaume wanaupata zaidi: miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200, na kwa Waafrika idadi iko chini ya hapo. John Dalton, mwanasayansi wa Uingereza aliyeueleza mwaka 1794 kwa kuchunguza macho yake mwenyewe, aligundua kwamba ndugu yake wa kiume alikuwa vivyo hivyo.

Kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umehesabiwa kwa mama tangu zamani, na mjomba ndiye mtu wa kuulizwa. Kwa jambo hili ni hivyo hasa. Mtoto wako wa kiume akiokota mabibo ya njano peke yake na kuyaruka mekundu yaliyolala kwenye majani, usimwite mvivu. Muulize mjomba wake, na mjomba wa mama yake, wanaonaje.

"Zamani niliziona, siku hizi hapana"

Weka mkasi chini. Aliyezaliwa na hali hii haibadiliki. Anayeipata ukubwani ana ugonjwa unaohitaji kuangaliwa.

Kwa mzee, mara nyingi ni mtoto wa jicho. Lenzi inageuka manjano, bluu inafifia na kufanana na nyeusi, nyeupe na manjano zinafanana. Unaweza kumshonea kwa rangi za wazi zaidi, lakini mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, na baada yake bluu inarudi. Mpeleke kliniki ya macho kwanza. Nilimsubiri mteja wangu mmoja mpaka akapasuliwa, na rangi alizozichagua kabla alizikataa zote baada ya bandeji kutoka.

Kwa anayetumia dawa za kifua kikuu, ni jambo la haraka. Ethambutol, mojawapo ya dawa zinazotolewa miezi ya mwanzo ya tiba, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili ya awali huweza kuwa kuchanganya nyekundu na kijani au kuona ukungu. Asiache dawa kwa uamuzi wake; arudi kituo cha afya siku hiyo hiyo aseme anachokiona. Vilevile rangi zikipotea kwa jicho moja tu, au ghafla, au pamoja na maumivu, ni hospitali.

"Mimi nimeupenda, ila wageni wanasema haujapendeza"

Mfarishi wa tatu wa mjomba aliuchagua mwenyewe. Nilimletea gunia la mabaki kutoka kwa mafundi wenzangu, akakaa ukumbini asubuhi nzima akipanga. Bluu za kila namna alizitanguliza. Kando yake akaweka rangi ya maziwa na njano. Kisha, katikati, akachanganya kijani, kahawia na chungwa bila mpango wowote ambao mimi niliuona. Nilishona kama alivyopanga, kipande kwa kipande.

Shangazi alipokuja kumtembelea akaniita pembeni kuniambia katikati pamevurugika, kama nimeishiwa vitambaa. Nikaupiga picha mfarishi, nikaigeuza nyeusi na nyeupe, nikampa simu. Katikati palikuwa na duara, linaanza zito nje na kupauka taratibu kuelekea ndani, kipande hata kimoja hakikukosea mahali pake.

Hapo usifumue.